Nimeanza kutumia kiti mwendo, naendaje kazini kwa basi na treni bila kubebwa?

mwanzo_mpya

Habari zenu wadau. Naomba mawazo kwa waliopitia hii hali. Mwaka jana nilipata ajali nikaumia uti wa mgongo, miguu haifanyi kazi tena ila mikono iko vizuri, na kiti ninachotumia ni kile cha kusukuma mwenyewe. Muda wote huu nimekuwa natoka na gari ya ndugu au teksi, sasa kazini wamekubali nirudi mwezi ujao na teksi kila siku kwenda na kurudi haiwezekani, mshahara wote utaishia huko. Kwa hiyo ni basi, halafu treni, halafu kipande cha mwisho najisukuma.

Wiki iliyopita nilijaribu nikiwa na mdogo wangu. Basi la kwanza lilipita bila hata kupunguza mwendo. La pili likasimama mbali na ukingo, dereva hakutoa rampu, na kabla sijasema neno wanaume wawili wakaninyanyua, mmoja kashika mkono wa kiti mwingine kashika pale pa kuwekea miguu, pale pa miguu pakachomoka nikaning'inia upande. Sikuumia ila nilitetemeka mwili mzima, kituo kilichofuata tukashuka tukarudi nyumbani. Najua walitaka kusaidia, siwalaumu. Lakini mimi ni mtu mzima, mama wa watoto wawili, kushikwa vile mbele za watu bila kuulizwa kulinivunja kabisa na tangu siku ile nikiwaza kituo cha basi moyo unaenda mbio.

Nifanyeje dereva anione na asimame karibu? Treni na ule mwanya wa kwenye platifomu nauvukaje? Na choo jamani, kuna mtu ameshapata jibu la choo?

gurudumu_kubwa

Pole sana dada. Mimi nina miaka kumi na tano kwenye kiti, na mara ya kwanza mimi pia nilinyanyuliwa kama gunia kwa hiyo hiyo hofu naijua. Inapungua, ila haipungui kwa kukaa ndani.

Kwanza kabisa hiyo safari usiijaribu tena siku ambayo una haraka. Chagua siku ya mapumziko, saa ambazo watu ni wachache, uifanye yote mwanzo mpaka mwisho hata kama ofisi imefungwa, gusa mlango wa ofisi urudi. Nia yake ni kujua safari inakatikia wapi, maana safari yetu sisi haikatiki kwenye basi lenyewe, inakatika kwenye vile viungio, pale pa kutoka barabarani kuingia kwenye basi, kutoka basi kwenda stesheni, kutoka chini kwenda platifomu, kutoka platifomu kuingia kwenye behewa. Kila kiungio kiandike, na pembeni andika kikigoma utafanya nini. Kwa mfano lifti ya stesheni unayoshukia imekufa, hapo jibu langu huwa ni kubaki ndani ya treni mpaka stesheni ya mbele yenye lifti, nashuka, navuka upande wa pili na kurudi na basi. Nilichelewa mara nyingi sana kabla sijajua kwamba stesheni ya mbele yake ina lifti mbili, hakuna aliyeniambia, niliigundua siku nimekwama.

Ule mwanya wa treni sasa. Vile vigurudumu vidogo vya mbele ndivyo vinavyonasa, vikigeuka pembeni vinaingia kwenye mwanya na wewe unaenda mbele na kifua. Usiuvuke kwa mshazari hata siku moja, uuvuke umenyooka kabisa. Kushuka mimi nashuka kinyumenyume, gurudumu kubwa linatangulia, nimeangalia nyuma kuhakikisha hakuna mtu. Kupanda, kama umeshafundishwa kuinua mbele na kusimamia magurudumu ya nyuma basi inua kidogo upite, kama bado mwombe mhudumu wa stesheni rampu ya kubebeka, na mwambie pale pale unashukia wapi ili apige simu huko mbele wakusubiri kwenye mlango wa behewa lako. Ukae behewa walilokuambia. Mimi niliwahi kuhama behewa kwa sababu ya msongamano, yule wa rampu akanisubiri mlango mwingine, treni ikanipitiliza.

Na kuhusu kunyanyuliwa, hii isome mara mbili. Mikono ya kiti na pa kuwekea miguu kwenye viti vingi vinachomoka, vimetengenezwa vichomoke ili uweze kuhamia kitandani au kwenye gari. Kwa hiyo uwe na sentensi moja fupi umeishika kichwani, mimi yangu ni "Usininyanyue, shika fremu hapa nyuma, subiri nikihesabu." Naisema kwa sauti kubwa mtu akiwa bado hatua tatu mbali, kabla mkono haujafika. Watu wengi hawana ubaya, hawajui tu pa kushika, na mtu asiyejua anashika kilicho karibu.

dereva_wa_zamu

Naomba niongee kutoka upande wa usukani, nimeendesha mabasi ya mjini miaka 22.

Dada, yule wa kwanza aliyekupita simtetei. Ila nikwambie kitu ambacho abiria hawakijui, mtu aliyekaa kwenye kiti kimo chake kiko chini, ukikaa nyuma ya kibanda cha kituo au nyuma ya watu waliosimama dereva hakuoni kabisa mpaka amekaribia na hapo ameshapanga asimame wapi. Kaa mbele, upande ambao basi linatokea, mahali ambapo hakuna nguzo wala watu, na inua mkono mapema sana ukiwa unamwangalia machoni. Ukiwa na kitambaa cha rangi kali au koti linaloakisi mwanga asubuhi na jioni ni bora zaidi. Nikikuona mapema naweza kulaza basi sambamba na ukingo, nikikuona ghafla naingiza pua tu mkia unabaki barabarani.

Na hiyo ya kukaribia ukingo sio adabu tu, ni hesabu. Sakafu ya basi la kisasa lisilo na ngazi mlangoni iko kama sentimita 30 toka barabarani. Nikisimama karibu, rampu inatua juu ya njia ya miguu ambayo yenyewe imeinuka labda sentimita 15, kwa hiyo unapanda nusu tu. Nikisimama mbali rampu inatua barabarani, urefu wa rampu ni ule ule kama mita moja, mteremko unakuwa mara mbili na hapo hata mwenye kifua cha simba hajisukumi mwenyewe. Kwenye majengo rampu hutakiwa iwe 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 30 unahitaji mita 3 na sentimita 60. Kwa hiyo dereva akisimama mbali una haki ya kumwambia "sogea karibu tafadhali" kabla hajatoa rampu. Mabasi mengine pia yanainama upande wa mlango, kuna kitufe tu, yanapunguza hewa kwenye springi. Mwambie aliinamishe, wengine wanasahau wengine hawajawahi kufundishwa.

Rampu ya umeme ikigoma (zinagoma, mchanga unaingia kwenye reli zake) nyingi zina njia ya kuivuta kwa mkono. Iliyo ya kukunjua ina kishikio pale sakafuni mlangoni. Dereva anayekwambia "mbovu" bila kusimama kutoka kwenye kiti chake hajaijaribu, nasema hivyo kwa sababu nimefanya kazi nao na sikupendezwa nalo.

Ukiingia nenda kwenye nafasi ya kiti mwendo. Kama ina ule ubao wenye mto, geuka mgongo wako uegemee ubao ukiangalia nyuma ya basi, funga breki zote mbili. Watu wanaona vibaya kukaa wameangalia nyuma, ila nikikanyaga breki ghafla ule ubao ndio unakushika. Ukikaa pembeni pembeni kiti kinapinduka, nimeona kwa macho yangu. Kama basi ni la mikanda minne ya kufunga kiti sakafuni basi subiri mpaka nimefunga yote minne, usione aibu kwamba watu wanasubiri. Na unaposhuka bonyeza kile kitufe cha pale pale kwenye nafasi yako, sio cha kawaida, kwa sababu kile kinaniambia nitahitaji rampu.

mpole77

Poleni wote. Mi nauliza tu kwa nia njema, kwa nini ahangaike na haya yote wakati miji mingi ina zile gari maalum za kuita zinakuja mpaka mlangoni? Mama yangu anatumia hizo na yuko salama.

gurudumu_kubwa

@mpole77 nashukuru kwa nia, na kwa mama anayekwenda kliniki mara moja kwa wiki ni msaada mkubwa sana. Lakini kwa mtu wa kazi, nyingi ya hizo lazima uziombe siku moja kabla au zaidi, unapewa muda wa kusubiri sio saa kamili, na njiani inapita kuchukua wengine. Bosi akisema leo kikao kimesogea unafanyaje? Rafiki akikwambia tupitie mahali jioni unafanyaje? Mtu mwingine anatoka nyumbani akijisikia, mimi niombe ruhusa ya kutoka jana yake? Basi linalopita kila dakika kumi ni uhuru na mimi sitauacha.

fimbo_nyeupe

Ngoja na mimi niingie japo swali ni la kiti, mimi sioni na natumia treni kila siku, kuna watakaosoma hapa baadaye wenye hali kama yangu.

Kuna hatari moja naisema kila ninapopata nafasi. Kwenye platifomu ukiwa hauoni, nafasi iliyo kati ya behewa na behewa unaweza kuidhani ni mlango. Unasikia treni imesimama, fimbo inakuta ubavu wa behewa halafu inakuta uwazi, unapiga hatua, na hakuna sakafu, kuna reli. Watu wameumia na kufa kwa hilo. Mimi siingii mpaka fimbo imegonga sakafu ndani ya uwazi. Hata kama nyuma wananisukuma, hata kama king'ora cha mlango kinalia, fimbo kwanza, mguu baadaye. Treni nyingine ipo.

Na vile vigae vya sakafuni vyenye vinundu jamani sio mapambo. Vilibuniwa Japani na bwana anaitwa Seiichi Miyake mwaka 1965, na vya kwanza vikatandikwa mwaka 1967 mjini Okayama karibu na shule ya wasioona, leo viko duniani kote. Lugha yake ni mbili tu, mistari mirefu maana yake endelea, vinundu vya duara maana yake simama hapa kuna kitu, ngazi au barabara au ukingo wa platifomu. Mtu anayeegesha pikipiki au kupanga bidhaa juu ya ile mistari amenifutia barabara. Nimepasuka paji la uso mara mbili kwa pikipiki.

Ukitaka kumsaidia asiyeona usimvute mkono na usimsukume mgongoni. Jitambulishe, uliza, akikubali mpe kiwiko chako akishike, wewe utangulie nusu hatua, nitasoma mwili wako wenyewe kama kuna ngazi. Na ukiondoka niambie unaondoka, nimeshaongea na hewa zaidi ya mara moja na inauma.

Matangazo ya vituo yakizimwa nahesabu vituo kwa vidole na simu inanisomea mahali kwenye sikio moja, sikio la pili naliacha wazi kwa ajili ya magari.

haki_safarini

Nimesoma maelezo ya dereva nimefurahi sana, laiti wote wangekuwa hivyo. Mimi natembea kwa magongo siku nyingine, siku nyingine natembea bila chochote maana ugonjwa wangu unakuja na kuondoka, na hizo siku za bila magongo ndizo mbaya zaidi, nikikaa kiti cha wenye ulemavu natazamwa kama mwizi. Kuna kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti, ilianza uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 kwa ajili ya watu wenye ulemavu usioonekana na imesambaa nchi nyingi. Mimi naivaa. Sio kila mhudumu anaijua lakini anayeijua hanihoji, na kwangu mimi kutohojiwa asubuhi ni nusu ya safari.

Dada mwanzo_mpya nataka nikwambie hizo rampu hazikuja kwa huruma. Julai 1978 kule Denver Marekani watu 19 wengi wao kwenye viti mwendo walizingira mabasi mawili katikati ya makutano ya barabara wakalala hapo usiku kucha, kwa sababu mabasi yalikuwa hayana lifti na wao walikuwa wanalipa kodi kama wengine. Sheria kubwa ya Marekani ya watu wenye ulemavu ikaja 1990. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa 2006, na kifungu cha 9 kinataja usafiri kwa jina lake. Nchi nyingi sana zimeuridhia, kwa hiyo angalia kama yako imo, ukiandika malalamiko taja hicho kifungu, barua inasomwa tofauti.

Halafu kuna ile ya nafasi ya kiti mwendo kuwekwa kigari cha mtoto au mizigo. Uingereza bwana Doug Paulley alikosa basi kwa sababu hiyo mwaka 2012, mama mwenye kigari alikataa kusogea na dereva hakumlazimisha. Akaenda mahakamani, mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikasema dereva kuomba mara moja na kuachia hapo haitoshi, akiona kukataa huko hakuna sababu ya maana anatakiwa asukume zaidi. Haikusema abiria ashushwe kwa nguvu, watu wanaikuza, lakini ilisogeza kitu.

Kwa vitendo: ukipitwa na basi andika namba ya basi, saa, kituo, hapo hapo kwenye simu. Malalamiko bila namba yanakufa siku hiyo hiyo.

gurudumu_kubwa

Nimerudi kwa ajili ya choo, watu mnaliogopa hili swali na ndilo linalofungia watu wengi ndani kuliko ngazi.

Kosa ambalo karibu wote tunafanya mwanzo ni kuacha kunywa maji ili usihitaji choo. Usifanye hivyo dada nakusihi, kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo maji machache ni mwaliko wa maambukizi ya njia ya mkojo na nimelazwa kwa hilo. Kunywa kwa ratiba, kama unatumia mpira wa kutolea mkojo basi toa kabla ya kutoka nyumbani na ujue choo kimoja njiani na kimoja mwisho. Kile cha njiani kipime siku ya majaribio, uingie nacho kiti mpaka ndani ufunge mlango, maana alama ya kiti mwendo mlangoni haina maana kama ndani wameweka ndoo na mafagio. Kuna ramani ya Wheelmap ambayo watu wa kawaida wanaweka alama mahali panapofikika na pasipofikika, ilianzia Berlin mwaka 2010 na inatumika dunia nzima, ukikuta choo kizuri kiweke humo mwingine akione.

Na ngozi. Safari ya saa moja kwenye kiti bila kujiinua inaanzisha kidonda usichokihisi. Kila robo saa au nusu saa inama mbele kifua kikielekea mapajani, kaa hivyo dakika moja mbili, basi likiwa limesimama sio likiwa linatembea.

mwanzo_mpya

Wapendwa nimesoma yote mara tatu na kuandika kwenye daftari. Jumapili nimeenda.

Nilikaa mbele ya kituo nimevaa skafu ya njano ya dada yangu, mkono juu. Dereva aliniona toka mbali kabisa. Alisimama karibu ila hakuinamisha basi, nikamwomba, akasema hajui kama hili linainama, akatafuta akapata kitufe mwenyewe akashangaa. Rampu nikapanda nusu mwenyewe, nusu mzee mmoja akataka kunisukuma, nikasema ile sentensi ya gurudumu_kubwa, sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Akashika fremu. Akasubiri nihesabu.

Treni mhudumu aliweka rampu kwenda, kurudi hakukuwa na mtu, nikashuka kinyumenyume kama ulivyosema na mdogo wangu amesimama nyuma bila kunigusa. Gurudumu kubwa lilivuka kama hakuna kitu. Nimelia kidogo pale platifomu, sio kwa uchungu.

Kilichonishinda ni kipande cha mwisho, mita kama mia tatu hivi, njia ya miguu imepasuka na magari yameegeshwa juu yake, nikalazimika kushuka barabarani magari yanapita ubavuni. Hilo sijui nalitatuaje, nimepiga picha na kuandika namba kama alivyosema haki_safarini, nitapeleka halmashauri wiki hii. Kuna mtu ameshawahi kufanikiwa na hilo? Na mvua ikinyesha mnafanyaje, zile ringi za kusukumia zinateleza kweli?

haki_safarini

Hongera sana sana dada!! Kuhusu magari nimefanikiwa mara moja, barua ya mtu mmoja ilikaa miezi, tulipopeleka tukiwa na mama mwenye kigari cha mtoto, mzee mwenye mkongojo na mwalimu wa shule ya jirani waliweka nguzo. Tafuta na wewe wa mtaa huo, njia ikipasuka haikusumbui wewe peke yako.

gurudumu_kubwa

Hongera dada. Mvua ndio, zinateleza, na breki zinashika vibaya tairi likilowa. Gloves zenye mpira kwenye kiganja sio za kitambaa, na taulo dogo kwenye mfuko ubavuni, futa ringi na tairi pale breki inapogusa kabla hujapanda rampu na kabla hujaingia kwenye treni. Kwenye mteremko anza kushika mapema kidogo kidogo, usingoje mwendo uchanganye. Poncho iwe fupi isifike kwenye spoki.

dereva_wa_zamu

Na siku ya mvua usingojee ndani ya kibanda dada, najua utalowa, ila vioo vyangu vimejaa ukungu na hiyo skafu ya njano ndiyo naitafuta.